Jeanne Nabintu, Hajaolewa

Siku ya nne ya matanga, Jeanne Nabintu alimwona shemeji yake akigonga ukuta wa sebule kwa kifundo cha kidole, jinsi watu wanavyogonga tikiti sokoni kujua kama limeiva. Aligonga, akatega sikio, akasogea hatua moja, akagonga tena. Mkono wa pili ulishika paja la kuku. Waombolezaji walikuwa wamekaa chini kwenye magodoro wakiimba, kaburi la Gaston, mume wa Jeanne, lilikuwa bado bichi, na Évariste, kaka wa Gaston wa tumbo moja, alikuwa anataka kujua kama ukuta ni wa tofali zima au wa mbao za kubandika. Aliporidhika, alifuta mafuta ya kuku kwenye pazia. Pazia lile Jeanne alilishona mwenyewe. Aliona alama za vidole vinne zikibaki kwenye kitambaa, kinyaa kikampanda, akatoka nje akasimama karibu na bomba mpaka kikatulia.

Jeanne si mwanamke wa kuchefukwa ovyo. Miaka ishirini na zaidi ameshona nguo Doornfontein, Johannesburg, ghorofa ya pili ya jengo lililojaa karakana za watu wa kila nchi: Januari sare za shule, Pasaka na Krismasi majoho ya kwaya, na katikati ya mwaka chochote anacholeta mteja, hata suruali ambayo haijaonja maji tangu inunuliwe. Pua yake imezoea, mikono yake imezoea. Kitu kimoja tu hakuzoea, nacho ni watu wa ukweni kwake.

Hakujaliwa mtoto. Hilo ndilo lililompa Évariste mdomo. Miaka yote, kila alipokuja kula nyumbani kwao Malvern, alikuwa haondoki bila kutupa neno kuhusu mti usiozaa na panga linalongoja. Gaston alikuwa akimjibu kwa upole uleule kwamba mti ni wake na kivuli chake kinamtosha. Gaston alikuwa fundi wa viti vya magari kwenye barabara ya Jules, mtu mkimya, mwenye gundi kwenye kucha, na asubuhi moja ya Jumanne presha ilimwangusha kati ya viti viwili vya gari la mteja. Tangu siku hiyo hapakuwa na wa kumjibu Évariste.

Matanga hayajaisha, Pitchou akaja jikoni na habari. Pitchou alikuwa mpangaji wa chumba kimojawapo cha uani, kijana wa Uvira anayelinda duka la matairi. Alisema kwa aibu kwamba Évariste amemwambia kuanzia mwezi ujao kodi aipeleke Rosettenville, kwake, kwa sababu nyumba imerudi kwa jamaa. Jeanne alimuuliza jamaa gani. Pitchou akasema na yeye aliuliza hivyohivyo, akaambiwa mtoto mdogo haulizi maswali ya wakubwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinne, bati jekundu, mtaa mmoja kutoka Jules. Waliinunua mwaka elfu mbili na kumi na mbili kwa bibi mmoja wa Kireno aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Nusu ya nyumba ile ilitoka kwenye viti vya magari na nusu kwenye cherehani, na hakuna aliyewahi kuitenganisha nusu na nusu. Jeanne hakuwahi hata kusoma hati yake. Ilikaa kwenye sanduku pamoja na vyeti vya chanjo, naye alijua ni ya kwao kama anavyojua miguu yake ni ya kwake.

Alipomaliza wiki ya kwanza ya kilio alikwenda kwa Jelimo. Jelimo ni Mkenya wa Eldoret, karani katika ofisi ya wakili wa hati za nyumba mjini. Kazi yake ni kuandaa makaratasi na kuyafuata mpaka ofisi ya usajili wa hati iyapokee. Walijuana kwa sare za shule, kwani Jelimo ana watoto watatu wanaokua kwa fujo na wanaomjibu mama yao kwa Kiingereza anapowaita kwa Kiswahili. Alimkalisha Jeanne, akampa chai, na kabla hajasikia habari yote akasema lazima kwanza rejista iangaliwe. Kwao Kenya, alisema, hata mama yako mzazi akikupa shamba, unamshukuru, halafu unateremka mjini kuangalia limeandikwa kwa nani.

Siku mbili baadaye alimpigia simu, akamwambia hilo si la kuongea kwenye simu, aje.

Alikuwa na karatasi moja mezani. Akaigeuza, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma taratibu. Nyumba ilikuwa ya Gaston Murhula, peke yake. Baada ya jina na tarehe ya kuzaliwa lilikuwepo neno moja, ambalo ofisi ya hati huliandika kwa kila mwenye nyumba ili ijulikane kama kuna mwenzi mwenye haki juu ya mali.

"Hajaoa," Jelimo alisema. "Ndivyo imeandikwa, Mama Jeanne. Hajaoa."

Jeanne alicheka kwanza. Kisha akakumbuka, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Walitoka Bukavu, Kongo, mwaka elfu mbili na nne, mji ulipokuwa unaporwa. Walipofika Pretoria kuomba ukimbizi walipanga foleni siku tatu, na katika foleni ile palikuwa na mtu mmoja mwenye koti la ngozi anayejua kila kitu. Alikuwa anapita akinong'ona kwamba mkisema mmeoana mtahojiwa kila mmoja chumba chake, mtaulizwa rangi ya godoro lenu na jina la mbwa wa jirani, na mkitofautiana jibu moja mnarudishwa wote wawili. Semeni kila mtu yuko peke yake. Nani alithibitisha? Hakuna. Lakini woga hauombi ushahidi. Asubuhi ya tatu foleni nzima ya wenye ndoa ilikuwa imegeuka foleni ya makapera, watu na wake zao wakisimama mbalimbali kama hawajuani, wengine na watoto mgongoni. Gaston aliandika hajaoa. Jeanne aliandika hajaolewa. Usiku ule walilala kwenye chumba kimoja, kwenye godoro ambalo rangi yake wote wawili waliijua.

Baada ya hapo kila karatasi ilizaliwa na karatasi iliyotangulia. Siku ya kusaini nyumba ilikuwa Januari, Jeanne amezikwa kwenye sare za shule, Gaston akaenda peke yake. Walipomuuliza kama ameoa, alitazama kitambulisho chake cha ukimbizi, akaogopa kukisaliti, akajibu kama kinavyosema. Hakuja kumwambia Jeanne. Labda aliona haya, labda alisahau. Hilo nalo lilimkera Jeanne: mtu amekufa, huwezi hata kumgombeza.

Jelimo alimweleza sheria bila kuipaka asali. Gaston hakuacha wosia, hakuacha mtoto, wazazi wake walishakufa. Kama alikuwa na mke, nyumba ni ya mke. Kama hakuwa na mke, inakwenda kwa ndugu zake. Ndoa ya mahari inakubalika, lakini ithibitishwe: cheti, au watu waliokuwepo waape.

Cheti hakikuwepo. Walikuwa wamepanga kwenda kanisani na kwa msajili baada ya mavuno, vita ikawahi. Wazee wa upande wa Jeanne waliopokea mahari wamekufa wote, na majirani wa kwao Walungu wametawanyika, wengine kambini, wengine hawajulikani. Johannesburg nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekanyaga ua wa baba yake siku ile. Huyo ndiye aliyeongoza msafara, aliyeswaga ng'ombe watano kutoka Bukavu mpaka Walungu, aliyebishana saa mbili na wajomba kwa sababu ng'ombe mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika. Hadithi ya ile pembe ameisimulia kwenye kila harusi ya Wakongo tangu waingie mji huu, mpaka watu wakawa wanaimalizia kabla yake. Mtu huyo ni Évariste.

Jeanne alimfuata Rosettenville Jumamosi. Alimkuta amekaa kwenye duka lake la vifuniko vya simu, njiti ya kiberiti kati ya meno. Jeanne alimwomba kwa heshima zote, akamwita shemeji, akapiga goti kidogo kama inavyompasa mke wa mdogo wake. Aliomba jambo moja tu: aende aape kwamba mahari ilitolewa. Évariste alihamisha njiti kutoka kona moja ya mdomo hadi nyingine. Akasema miaka imekuwa mingi. Akasema ng'ombe, ng'ombe gani, kwao ng'ombe walikuwa wanakwenda na kurudi kila wiki, nani atakumbuka walikuwa wanakwenda kufanya nini.

"Naweza kukumbuka," alisema mwishowe. "Lakini kumbukumbu nayo iko na njaa, shemeji. Inatakiwa ikule."

Chakula cha kumbukumbu yake kilikuwa hiki: hati iandikwe jina lake kama mkubwa wa jamaa, vyumba vya uani viwe vyake, na Jeanne akae kwenye chumba kimoja cha mbele mpaka Mungu atakapomwita. Alisema hayo huku akichomoa kipande cha nyama mwisho wa njiti, akakitazama, akakirudisha mdomoni. Jeanne aliondoka bila kuaga. Kwenye kona ya robot, zile taa za barabarani, alitapika kweli, chai na mkate wa asubuhi, na mama mmoja wa Kireno aliyekuwa anavuka akamshika bega akidhani ana mimba. Hilo nalo, alifikiri Jeanne, lije leo.

Jelimo aliposikia, alivua miwani yake akaifuta. Akasema iko njia nyingine, na njia hiyo haimhitaji Évariste hata kidogo. Siku hizi sheria ya hapa inamtambua pia mtu aliyeishi na marehemu bila ndoa, wakalishana, wakatunzana, wakawa nyumba moja. Anarithi kama mke. Jeanne ana risiti, ana barua za hospitali, ana miaka yote ile chini ya bati moja. Wanatakiwa watu wachache tu waape kwamba waliwaona hivyo. Na makaratasi yote yanakubali tayari, kwa sababu yote yanasema hawakuoana.

Jeanne alimuuliza mtu wa namna hiyo anaitwaje. Jelimo alitafuta neno, akasema mwenzi wa kudumu.

"Sema hawara."

"Sheria haisemi hivyo, mama."

"Kwetu inasema hivyo."

Jelimo hakubisha. Alisema tu kwamba kosa kwenye hati hutafutiwa karatasi ya kulirekebisha, na kama hana karatasi ya kusema ameolewa, basi atumie ile aliyonayo. Jeanne alisema atafikiri.

Alifikiri wiki mbili, mguu kwenye cherehani. Alimfikiria mama yake aliyemfunga kanga mbili kiunoni asubuhi ile ya mahari na kumwambia kwamba kuanzia leo hakuna mtu atakayemuuliza analala kwa nani. Alifikiria wasichana wawili wa karakana ile walioishi na wanaume bila mahari, na jinsi yeye mwenyewe, Jeanne, alivyokuwa akiwasema. Alikuwa amewasema sana. Sasa aende kituo cha polisi, ambako viapo hugongwa muhuri, anyanyue mkono wa kulia aape kwamba yeye ni mmoja wao. Alijionea kinyaa, na alimwonea Gaston kinyaa kwa ajili ya ule woga wake wa foleni, kisha akalia kwa sababu alimkumbuka.

Akaenda kwa Mama Mamie, kiongozi wa akina mama wa kanisa lao la Malvern, mwanamke mnene, mwenye sauti ya upole na mikono inayonukia losheni siku zote. Alimweleza yote. Mama Mamie alimkumbatia, akamwambia kanisa zima linajua yeye ni mke wa mtu. Jeanne akamuuliza kama ataapa kwamba ni mke. Hapana, Mama Mamie hawezi, hakuwepo Walungu, na kiapo ni kiapo. Basi ataapa kwamba waliishi pamoja? Mama Mamie aliondoa mkono begani kwa Jeanne. Alisema kuapa hivyo ni kusema kanisa lilimpa ushirika mtakatifu mwanamke aliyekuwa anaishi katika dhambi miaka ishirini, na jina la kanisa je? Lakini watamwombea. Watafunga siku tatu.

Jeanne alirudi nyumbani akinukia losheni ya watu na mikono mitupu. Watu wasafi, alijisemea, usafi wao ni wa kutogusa.

Pengine angeendelea kufikiri mpaka leo kama Évariste asingeharakisha mambo. Jumamosi iliyofuata Jeanne alimkuta sebuleni na fundi seremala, mlango umefunguliwa kwa ufunguo ambao Évariste alikuwa ameuchukua siku za matanga bila kuomba. Fundi alikuwa ameshika futi ya chuma. Walikuwa wanapima sebule waigawe kwa mbao vyumba vitatu vya kupangisha. Kiti cha Gaston kilikuwa kimesogezwa nje, kimekaa uani kwenye manyunyu. Évariste hakushtuka hata kidogo alipomwona mwenye nyumba. Alimwambia asogee kidogo, anakanyaga mstari wa chaki.

Jeanne alisogea. Alitoka, akapiga simu akiwa amesimama pale uani kando ya kile kiti.

"Andika, Jelimo," alisema. "Afadhali karatasi iniite hawara kuliko Évariste aniite mke."

Waliomwapia hawakuwa watu wa kanisa. Pitchou alikwenda na sare yake ya ulinzi. Wa pili alikuwa MaDlamini, mama wa spaza, kiduka cha pembeni, ambaye alimwambia polisi kwamba, eish, yeye hajui habari za ng'ombe wa Kongo, anachojua ni kwamba kila Jumapili hao wawili waligombania redio kwa sauti kubwa halafu wakala sahani moja, na kama hiyo si nyumba basi yeye hajui nyumba ni nini. Polisi aligonga muhuri. Jeanne naye alinyanyua mkono. Kiingereza cha karatasi ile alikielewa vizuri kuliko alivyotaka. Alisaini kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya masista, akatoka nje, akatema mate kwenye majani kando ya ngazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele za watu.

Habari haikai mfukoni. Ofisi ya mirathi ilimwandikia Évariste kama ndugu wa marehemu, ikampa siku za kupinga kama ana la kupinga. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu wakiwa uani pa kanisa na vikombe vya chai, Évariste aliingia na barua mkononi. Uso ulikuwa umemvimba. Jeanne alikuwa amesimama na akina mama, au tuseme kando yao, kwa maana tangu afunge zile siku tatu Mama Mamie alikuwa anamsalimia kwa mbali.

Évariste aliisoma barua kwa sauti. Alipofika pale panaposema marehemu aliishi na mwanamke bila ndoa, aliishusha barua. Alisema mwanamke huyu ameichafua jamaa. Amemwita marehemu mwizi wa mabinti wa watu. Ataandikwa kwenye vitabu vya serikali kama mtu aliyekufa bila kutoa mahari, yeye, mtoto wa Murhula, ambaye baba yake alikuwa na zizi linaloonekana toka barabarani.

"Ndugu yangu hakufuga hawara!" alisema, na sasa alikuwa anapiga kelele. "Miye mwenyewe nilipeleka ng'ombe watano Walungu. Kwa miguu! Mumoja pembe ilikuwa imevunjika, bakakataa, nikasimama palepale saa mbili mpaka bakapokea. Batu bote hapa banajua!"

 Kweli watu wote walijua. Mtu mmoja nyuma, bila kukusudia, alianza kucheka, kwa sababu alikuwa ameshazoea kucheka kwenye ile pembe. Évariste alisimama na barua yake, akatazama nyuso, na taratibu kikamwingia alichokisema. Alikuwa ameshindwa kukumbuka kwa ajili ya Jeanne. Kwa ajili ya zizi la baba yake alikumbuka mpaka pembe.

Jeanne alidhani atafurahi. Hakufurahi. Alimtazama yule mtu mzima mwenye povu kwenye kona za mdomo, akamtazama Mama Mamie ambaye alikuwa tayari anamjia mbio, mikono imenyooshwa, akisema sasa anaweza kuapa, amesikia kwa masikio yake mwenyewe, na akaona hawa wawili hawana tofauti. Aliweka kikombe chake mezani, akaenda nyumbani kwa miguu.

Jelimo alisema inawezekana. Wakitaka, wanasimamisha faili, wanaandika upya kwamba alikuwa mke, wanachukua viapo vya watu waliosikia, na Évariste akisaini mwenyewe itakuwa rahisi zaidi. Kama hawataki, ile iliyopelekwa inaendelea, kwa kuwa Évariste baada ya maneno yale ya kanisani hana tena mdomo wa kupinga. Jeanne aliuliza kama nyumba itakuwa yake njia zote mbili. Jelimo akasema ndiyo, njia zote mbili. Tofauti ni lile neno tu.

"Ukitaka, tunalibadilisha," Jelimo alisema. "Ni haki yako."

Jeanne alisema waache kama lilivyo. Jelimo alimuuliza mara ya pili, kisha hakuuliza tena.

Ilichukua miezi mingi. Viapo vilikwenda na kurudi, Jelimo akarekebisha tarehe moja na namba moja ya kitambulisho, na Jeanne akaendelea kushona. Hati ilitoka Februari, sare za shule zilipokuwa zimekwisha. Jina lake lilikuwa pale kwa herufi kubwa, tarehe yake ya kuzaliwa, na baada yake lile neno. Alilisoma mara nyingi. Lilimuuma, na halikuacha kumuuma ingawa nyumba ni yake.

Mwezi wa tatu, mwaka ulipotimia, Évariste alikuja. Hakuwa na ufunguo tena, kitasa kilibadilishwa. Alibisha kama mgeni, akaketi, akavua kofia, na safari hii hakuwa na njiti. Alizungumza kwa upole mpaka nywele za Jeanne zikasimama. Alisema yaliyopita yamepita. Alisema yuko tayari kusaini bure kabisa, aende popote anapotakiwa, aseme ng'ombe wote watano, jina la mdogo wake lisafishwe. Kisha akaingia kwenye lililomleta. Mwaka umetimia, kilio kitolewe. Kwa desturi, jamaa ya mume ndiyo inayomvua mjane nguo nyeusi na kumruhusu aendelee na maisha yake. Watakuja wote wa Rosettenville na wengine kutoka Durban, walale hapa siku tatu, nguo na viatu vya Gaston vigawiwe kwa ndugu zake, na mwishoni wazee watakaa waamue mwanamke peke yake na nyumba kubwa hivi atasimamiwa na nani.

Akasema, "Iko desturi yetu, shemeji. Weye unajua."

Jeanne aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na hati. Aliiweka kwenye magoti ya Évariste na kumwonyesha mstari. Akamwambia asome kwa sauti. Évariste aliona lile neno, akaguna, akasema ndilo hilohilo analotaka kwenda kulifuta.

"Soma."

"Hajaolewa."

"Nani hajaolewa?"

Évariste alirudisha macho kwenye jina.

"Jeanne Nabintu hajaolewa," Jeanne alisema. Sauti yake haikupanda. "Nimeapa, serikali imeandika, muhuri umegongwa. Basi kilio cha nani munakuja kutoa hapa? Miye sina mume, sina ukwe. Sina shemeji. Sasa weye, baba, uliyekaa kwenye kiti changu, iko nani?"

 Évariste aliangalia ile hati, akaangalia mlango, akaangalia ukuta aliougonga mwaka jana. Alitaka kusema kitu kuhusu damu, kuhusu Gaston, lakini kila neno alilolianza lilimtaka kwanza awe ndugu wa mume wa mwanamke huyu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekataa kuwa hivyo siku ilipohitajika. Alirudisha hati mezani kwa vidole viwili. Akachukua kofia yake.

Jeanne alimfungulia mlango. Alikuwa amechoka, na bado alichefukwa, na alijua jioni atalia kwa ajili ya wale ng'ombe watano ambao sasa hawapo popote, wala Walungu wala kwenye kitabu. Évariste alisimama kizingitini akageuka amuage. Shemeji haikuwezekana tena. Mama fulani haikuwezekana, maana ni yeye aliyemcheka miaka yote kwa kutokuwa mama wa mtu. Alitafuta neno la kumwita, akalikosa, akaondoka hivyohivyo bila kuaga.